Msaada wa Masomo kwa Mwenye Ulemavu: Ni Sadaka au Ni Haki?

Neno limezuka katika jumuiya zetu za Kolwezi, nalo si neno dogo. Kijana asiyeona amemaliza shule ya sekondari, amepata diploma ya serikali, na sasa ataka kuingia chuo kikuu. Wengine wasema: "Asaidiwe, maskini." Wengine wasema: "Mbona huyu apewe zaidi? Watoto wetu wenye macho mazuri nao wamekaa nyumbani kwa kukosa minervali." Maneno haya mawili twayasikia mlangoni pa kanisa baada ya Misa, tena kutoka kwa watu wema. Yafaa basi tuyapime, maana ndani yake mna swali ambalo wenye hekima wamelihangaikia tangu zamani: je, kumpa mtu zaidi ya mwenzake kwaweza kuwa haki? Na kama ni haki, ni nani alipe?

Tutenge kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna msaada wa kulipia masomo, na kuna msaada wa kuondoa kizuizi. Ule wa kwanza hulipa minervali, chumba na chakula. Huo wahitajiwa na kila maskini, aonaye na asiyeona. Ule wa pili ni wa namna nyingine kabisa. Ni fedha ya kumnunulia kijana kompyuta iwezayo kusoma maandishi kwa sauti, au ya kumlipa mtu anayegeuza maneno ya mwalimu kuwa lugha ya ishara kwa ajili ya kiziwi, au ya kumlipia gari yule asiyeweza kupanda pikipiki kama wenzake. Mwenye miguu miwili hana haja ya fedha hiyo. Ukimpa, hajui aifanyie nini.

Nchi ya Uingereza yaonyesha tofauti hii waziwazi. Huko wanafunzi wa vyuo vikuu wenye ulemavu, au wenye ugonjwa wa muda mrefu, pamoja na wale wenye matatizo ya afya ya akili, wana posho yao maalumu. Katika mwaka wa masomo 2024-2025 mwanafunzi aliweza kupata hadi pauni 26,948, kwa kadiri ya haja yake. Posho hiyo haiulizi mshahara wa baba, wala hairudishwi kama mkopo. Lakini tazama neno moja dogo ambalo sisi lilitupendeza kuliko hesabu zote: mwanafunzi akinunuliwa kompyuta, pauni 200 za kwanza atazitoa mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu siku hizi kila mwanafunzi hununua kompyuta. Sehemu ya gharama iliyo ya wote, ataibeba kama wote. Sehemu iliyoletwa na ulemavu, hiyo ndiyo wanayomwondolea.

Basi hapo hapana upendeleo. Sisi watu wa Kolwezi twajua shimo ni nini. Mtu mmoja asimama juu ya ardhi, mwingine yumo shimoni, mita tatu chini. Ukiwapa wote wawili ngazi ya mita moja, umewagawia sawasawa, wala hakuna atakayekushtaki kwa upendeleo; hata hivyo yule wa shimoni atabaki shimoni, na yule wa juu atatumia ngazi yake kuchumia maembe. Aristoteli Mgiriki alifundisha kwamba ugomvi huzaliwa kwa njia mbili: walio sawa wakipewa visivyo sawa, na wasio sawa wakipewa vilivyo sawa. Njia ya kwanza twaijua sote, nayo hutukasirisha upesi. Ile ya pili haitukasirishi, maana kwa macho yafanana na haki.

Labda mtu atasema: "Haya, asaidiwe, lakini iwe sadaka. Watu wenye mali wapo, tena katika mji wetu wapo wengi." Hatudharau sadaka. Imewainua watu wakubwa. Helen Keller wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1880, aliugua akiwa na miezi 19 tu, akawa haoni wala hasikii. Mwaka 1900 aliingia chuo cha Radcliffe, na mwaka 1904 alitoka na shahada yake, mtu wa kwanza asiyeona na asiyesikia kuipata. Mwalimu wake, Anne Sullivan, aliketi naye darasani akimwandikia masomo kiganjani kwa vidole, herufi baada ya herufi. Nani alilipa? Tajiri wa mafuta ya petroli, Henry Rogers. Naye Rogers alimjuaje? Kwa kuwa rafiki yake, mwandishi Mark Twain, alikutana na msichana huyo, akastaajabu, akawaomba Rogers na mke wake wamsaidie.

Ni jambo jema, na Mungu amlipe mema Rogers popote alipo. Lakini wale wasichana wengine wasioona wa siku zile, ambao hawakupata kukaa chumba kimoja na Mark Twain, walikwenda wapi? Hakuna aliyeandika habari zao. Hiyo ndiyo kasoro ya sadaka inapowekwa mahali pa haki: huanzia kwa yule anayetoa. Hutazama nani amemgusa moyo, nani ana sura ya kupendeza, nani ni mtoto wa mtu tunayemfahamu. Mwenye hasira, mwenye kigugumizi, mwenye kifafa ambaye watu humkimbia, huyo hamgusi mtu moyo. Na haja yake ni ile ile.

Kwetu huku tumeliona jambo hilo kwa namna nyingine. Wazee wanakumbuka siku za Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni ilipojenga shule na hospitali za watu wake. Mtoto wa mfanyakazi alisoma, na alipougua alitibiwa. Lakini alipata hayo kwa jina la baba yake, si kwa jina lake mwenyewe. Baada ya mwaka 1990 kampuni ilianguka, na kwa mpango wa mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini. Baba alipotoka, na msaada wa mtoto ulitoka mlango huo huo. Kitu upewacho kwa sababu ya mkataba wa mtu mwingine si chako.

Je, sheria yetu yasemaje? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yasema kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia maalumu kwa kadiri ya mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao. Tena tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria maalumu ya kuwalinda na kuendeleza haki zao. Kwa hiyo swali la "sadaka au haki" limekwisha jibiwa katika karatasi za serikali. Lililobaki ni mfuko, kwani haki isiyo na mfuko ni kama kisima kisicho na kamba: maji yapo, wayaona, na kiu wakaa nayo.

Majirani wamejaribu kuifunga kamba hiyo. Uganda imekuwa ikitenga kila mwaka nafasi 64 zinazolipiwa na serikali kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu vyake vya umma. Kenya kwa sheria ya mwaka 2003 iliunda mfuko wa taifa kwa ajili ya watu hao, na masomo yakawa mojawapo ya mambo yanayosaidiwa. Twajua, nafasi 64 kwa nchi nzima si nyingi. Lakini kijana wa huko akiingia, aingia kwa mlango ulioandikwa katika sheria, wala hana haja ya kumvizia mwenye mali njiani.

Na sisi wa Lualaba, mkoa uliozaliwa mwaka 2015 kutoka katika Katanga ya zamani, hatuwezi kusema hatuna kitu. Kobalti nyingi ya dunia yatoka chini ya miguu yetu. Sheria ya madini ilipobadilishwa mwezi Machi 2018, iliagiza kila kampuni ichimbayo itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji wanaoizunguka migodi. Pigeni hesabu wenyewe: kampuni ikiuza kwa dola bilioni moja kwa mwaka, sehemu hiyo ni dola milioni tatu. Na si fadhili ya kampuni. Ni deni.

Sasa twaja kwenye pingamizi lililo gumu kuliko yote, wala hatutalipita kimyamaza. Mzazi asema: "Kwa gharama ya kumsomesha kiziwi mmoja pamoja na mfasiri wake, mtawasomesha vijana watatu wanaosikia. Je, watatu si zaidi ya mmoja?" Hesabu hii twaiheshimu, maana asemaye hivyo ana watoto nyumbani. Lakini ifuateni mpaka mwisho wake. Mwaka huu watatu watamshinda mmoja. Mwaka ujao je? Watakuwapo watatu wengine. Na mwaka utakaofuata, vilevile. Haitafika siku ambayo zamu ya yule mmoja itafika. Kugawana ni kila mtu kupata zamu; hesabu ambayo mmoja hushindwa daima haigawanyi kitu, bali imemfungia mtu nje na kuuita mlango uliofungwa kwa jina la busara.

Hatusemi kwamba hakuna mpaka. Hata Waingereza wenye mali wameweka kiasi cha juu, na sisi chetu kitakuwa chini ya chao. Wenye kugawa watalazimika kukata, na mara nyingine watamkatia mtu aliyestahili. Tunachokataa ni kuanza na sifuri.

Tena wazee wetu walitupa methali: kabla hujafa hujaumbika. Mahali pengine methali hiyo ni onyo kwa watoto wasicheke kilema. Hapa Kolwezi ni habari ya kila siku. Juni 2019 udongo uliporomoka huko Kamoto, wakafa wachimbaji wa mikono wasiopungua 43. Udongo haukumwuliza mtu kama ana akili za shule. Kijana anayechimba ili apate minervali ya mwaka ujao aweza kutoka shimoni bila mguu, na yule aliyesema jana "watatu ni zaidi ya mmoja" aweza kesho kuwa baba wa yule mmoja. Tukipanga mfuko, tuupange kama watu wasiojua wataketi upande gani wa meza.

Tusidhani lakini kwamba kila msaada wadai dola. Wako wenye ugonjwa wa damu ambao sisi twauita SS. Nchi yetu, pamoja na Naijeria na India, ni kati ya zile ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Mwanafunzi wa namna hiyo leo acheka nanyi, kesho maumivu ya mifupa yamemlaza hospitalini, na kesho hiyo ndiyo siku ya mtihani. Ahitaji nini? Barua ya mganga ipokelewe, na apangiwe siku nyingine. Gharama yake ni karatasi moja. Asiyeweza kupanda ngazi ahitaji darasa lake lihamishiwe chini. Asiyeona aweza kupata bure programu iitwayo NVDA, ambayo Waaustralia wawili, nao wasioona, walianza kuitengeneza mwaka 2006. Husoma kwa sauti yale yaliyo katika kompyuta. Kompyuta yenyewe si bure, na umeme hukatika, lakini mwanzo upo.

"Watu watadanganya," wasema wengine. Wako watakaodanganya, ndiyo. Hata kwenye foleni ya hospitali wapo. Ndiyo sababu huombwa cheti cha mganga, na kiombwe. Lakini kiombwe mara moja, kwa siri, na mtu mmoja aliyewekwa kwa kazi hiyo. Kumsimamisha kijana mwenye kifafa mbele ya kamati ya watu kumi aeleze namna anavyoanguka, hiyo ni kumtoza ada ya aibu kabla ya kumpa kilicho chake. Wengi wataona afadhali wakae nyumbani, kisha sisi tutasema hawakuomba.

Mnakumbuka habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, ambaye rafiki zake wanne walitoboa dari ili wamshushe mbele ya Yesu. Sisi wahubiri husifu imani ya wale wanne, nayo yastahili sifa. Lakini mlango wa nyumba ile ulikuwa umezibwa na nani? Na umati wa watu wema waliokuja kusikiliza neno.

Miradi ile ya 0.3 kwa mia haipangwi na kampuni peke yake. Wajumbe wa wenyeji huketi nayo, na baadhi yao ni wasomaji wa gazeti hili. Orodha yaandikwa kisima, darasa, zahanati, barabara. Mwaka ujao itakapoandikwa tena, waweke na mstari mmoja wa wanafunzi wenye ulemavu na wagonjwa, wenye kiasi chake cha fedha na jina la mtu wa kuulizwa. Na vijana wenyewe waitwe mkutanoni. Kama chumba cha mkutano kiko ghorofani, viti vishushwe uani.