Chema Chajiuza

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Je, methali hii yatosha kuwa kanuni ya biashara ya taifa zima? Tuipime kwa mizani ya kahawa ya Kenya.

Katika soko la dunia, nchi yetu haiwezi kushindana kwa wingi. Brazili huvuna zaidi ya tani 3,000,000 kwa mwaka. Sisi twavuna kama tani 50,000 tu. Silaha yetu ni ubora. Kahawa ya Nyeri na Kirinyaga husifiwa na wajuzi wa ng'ambo, nao huinunua kwa bei ya juu. Lakini sifa hiyo haizaliwi mnadani Nairobi. Huzaliwa katika vidole vya mchumaji anayechagua tunda jekundu na kuliacha bichi liive; hulelewa kiwandani, ambako buni humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa. Mtu mmoja akichanganya mbichi na mbivu ili debe lake lijae upesi, huharibu kikombe cha mnywaji asiyemjua, na jina linalochafuka si lake peke yake, bali ni la wote.

Basi ni kweli, chema chajiuza. Lakini kikisha kuuzwa, nani hufaidi? Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa mafungu ya mauzo yalivunjika, na bei ikaanguka. Msiba huo ulitoka mbali. Malipo yaliyochelewa na makato yasiyoelezwa, hayo hayakutoka ng'ambo, yalitoka kwetu. Wako wakulima waliong'oa mibuni wakapanda mahindi, na huko Kiambu mashamba mengi yakageuka viwanja vya nyumba. Ubora haukushindwa sokoni. Aliyeutunza ndiye aliyekata tamaa.

Kwa hiyo nguvu ya nchi katika biashara hii ni uaminifu wa namna mbili: mkulima asimdanganye mnunuzi, wala mwenye kushika fedha za mkulima asimdanganye mkulima. Wa kwanza ukikosekana, kahawa haina bei. Wa pili ukikosekana, kahawa haina mtunzaji.

Ewe msomaji, huenda kesho ukawa karani wa chama cha ushirika. Kumbuka siku hiyo kwamba kalamu yako huonja katika kikombe kile kile ambamo kidole cha mchumaji huonja, na kwamba chema hakijiuzi milele ikiwa mwenye kukitenda halipwi haki yake.