Masuke ya Ruthu: haki ya maskini na nyongeza ya ndugu

Masomo: Ruthu 2,1-18, Matendo ya Mitume 6,1-6, 1 Timoteo 5,3-16



Kila mwisho wa mwezi sanduku la mashemasi linafunguliwa, na kila mara watu wanaongojea ni wengi kuliko franka zilizomo. Kuna mama mjane na watoto wake, kuna mzee asiye na mtu, kuna baba ambaye kampani yake imefungwa. Hapo maneno mawili yanasikika kati yetu. Wengine wanasema, maskini asali tu, amngojee Mungu. Wengine wanasema, kanisa lina deni la kutulisha. Maneno yote mawili yanapoteza watu. Tuulize Maandiko.

1. Ruthu alijua sheria ya shamba

Ruthu alikuwa Mmoabu, mgeni na mjane. Aliposikia njaa hakuketi nyumbani akilia na Naomi. Alikwenda shambani kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Je, alikuwa mwizi? Hapana. Je, alikuwa mwombaji wa njiani? Hapana tena. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni na kurudi kuokota yaliyoanguka. Hayo yalikuwa ya maskini, mgeni, yatima na mjane (Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24). Basi Ruthu alichukua fungu lake, na alilitolea jasho tangu asubuhi.

Lakini angalieni Boazi. Aliwaambia vijana wake wachomoe masuke katika miganda, wayaache njiani kwa ajili yake, wala wasimkemee. Hiyo ilikuwa nyongeza. Jioni Ruthu alibeba karibu efa moja ya shayiri. Boazi hakusema, "Sheria imekwisha kumpa, mimi siongezi." Wala hakufunga pembe za shamba na kusema, "Nitampa sadaka nikipenda." Haki na nyongeza zilikwenda pamoja, na zote mbili zilitolewa bila kumwaibisha mtu.

2. Pembe za shamba katika inchi yetu

Katika Kongo pia kuna pembe za shamba, hata kama ni nyembamba. Wengi hawazijui, na asiyejua fungu lake hulikosa.

Pembe ya kwanza ni ya mtu aliyefanya kazi ya mshahara. Shirika la CNSS, ambalo zamani liliitwa INSS na lilianzishwa mwaka 1961, linapokea fungu kila mwezi: patroni analipa asilimia 13 ya mshahara, na mfanyakazi asilimia 5. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za jamaa. Pensheni si ya mzee peke yake. Mfanyakazi akifa, mjane wake na yatima wake nao wana fungu, kufuatana na masharti ya sheria. Mama, hiyo si sadaka ya mtu. Ni jasho la mume wako.

Lakini ofisi haioni mahari, wala haikusikia nyimbo za siku ya baraka. Inataka karatasi: akti ya ndoa, akti za kuzaliwa za watoto, akti ya kifo, namba ya mfanyakazi, karatasi za mshahara. Kwa hiyo, ninyi mliooana na kubarikiwa kanisani bila kuandikwa komini, nendeni mkaandikwe wakati nyote wawili mngali hai.

Na hapa dhambi moja itajwe wazi. Baba anakufa, na kabla matanga hayajaisha ndugu zake wanabeba godoro, redio, na bahasha ya karatasi. Ndugu anayefungia karatasi za marehemu amevuna pembe za shamba la mjane. Asije mbele na sadaka mkononi kabla hajazirudisha.

Pembe ya pili ni ya yule asiye na patroni, na wengi wetu tuko hapo: tunauza makala, tunalima, tunasukuma kitoroli. Kwetu fungu linakuja kwa njia nyingine. Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ya Leta ni bure, na kazi hiyo ilianza kutimizwa Septemba 2019. Mpango wa kuzaa bure ulianza Kinshasa mwaka 2023, ukaendelea hatua kwa hatua katika majimbo mengine. Tangu mwaka 2014 Fonds Social, kwa mradi ulioitwa STEP, ulilipa watu wa mashariki kwa kazi za mikono za barabara. Wakati wa ugonjwa wa korona STEP-KIN ilituma pesa kwa simu kwa jamaa maskini za Kinshasa. Waliokimbia vita wanajua PAM, inayogawa chakula au pesa.

Misaada ya namna hii ina mwanzo na ina mwisho. Haitoshi kujenga nyumba juu yake. Tena inafuata liste, na kwenye liste ndipo mashetani wanapolala. Mtu akikuomba matabishi ili akuandike, mkatalie, ukawaambie wazee. Nawe mwenye duka na pikipiki, usiandike jina lako mahali pa mjane. Pesa hiyo itaingia nyumbani mwako na kilio chake ndani.

3. Nyongeza ya kanisa

Mtume Paulo alipanga mambo vizuri alipomwandikia Timoteo. Kwanza jamaa: mwenye mama mjane amtunze mwenyewe, ili kanisa lisilemewe, lipate kumsaidia yule aliye peke yake kweli. Kijana anayepata mshahara na kumleta mama yake kwenye sanduku la mashemasi anamnyang'anya mzee asiye na mtoto.

Sasa swali linaloulizwa: mama aliyepata pesa za mradi, tumfute katika buku letu? Tusifanye haraka. Tukae naye, tuhesabu. Kama pesa ile imelipa nyumba na watoto hawana chumvi wala sabuni, hapo ndipo nyongeza inahitajika, kama masuke ya Boazi. Kama imemwinua kweli, aseme mwenyewe, mwingine apate nafasi. Anania hakuadhibiwa kwa sababu ya kubakiza pesa. Aliadhibiwa kwa uongo.

Na sisi mashemasi tusikie. Katika Yerusalemu wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwafukuza walionung'unika. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima, na majina yao yote ni ya Kiyunani: kazi ilipewa watu wa upande uliosahauliwa. Basi tuangalie liste yetu. Kama majina yote ni ya kabila moja, au ya avenue moja, au ya shangazi za mashemasi, tujue kwamba manung'uniko ni ya haki. Paulo naye hakubeba mchango wa makanisa peke yake (2 Wakorinto 8). Pesa zihesabiwe na watu watatu, ziandikwe, jumla isomwe mbele ya wote. Lakini majina ya waliopokea yasisomwe, kwa maana Boazi aliagiza Ruthu asiaibishwe.

Wapendwa, wiki hii kila mmoja aangalie pembe za shamba lake. Anayejua kusoma amsindikize mama mjane mpaka ofisini. Mwenye karatasi za marehemu azirudishe kabla ya Jumapili. Mwenye shibe aache suke lianguke, wala asitazame nyuma kuona nani anaokota.

Bwana, baba wa yatima na mtetezi wa wajane, awabariki. Amina.