Ushindi ni wa Nani?

Wanadamu tuna desturi ya kutafuta jina moja la kulivika kila ushindi. Jeshi likishinda, jemadari husifiwa. Nyumba ikisimama imara, husifiwa fundi mkuu. Kijana akifaulu mtihani, husifiwa yeye peke yake. Pengine si jambo la kushangaza, maana akili ya mtu hushika jina moja kwa urahisi kuliko majina kumi na moja. Lakini swali la haki hubaki palepale: sifa ile ni ya nani kwa kweli? Tena, yule anayesifiwa, akitambua kwamba hangaliweza neno bila wenzake, je, stahili yake yapungua?

Ili tulipime swali hili kwa utulivu tumechagua mfano wa mbali. Kama tungalitaja Simba au Yanga, nusu ya wasomaji wetu wangalitukasirikia kabla ya kufika aya ya tatu. Basi twende Marekani, kwenye mchezo wao wa mpira, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Huko swali letu hubishaniwa kila mwaka, majumbani na magazetini, nao ubishi wao una mafundisho kwetu.

Katika mchezo huo kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ili usonge mbele yadi 10. Ukishindwa, hunyang’anywa mpira. Nyuma ya safu husimama mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye ndiye awaambiaye wenzake shauri la kila shambulio, naye huamua katika sekunde mbili tatu kama autupe mpira mbali, aukabidhi kwa mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake husimama wanaume watano wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Kwa kawaida kanuni haziwaruhusu hao watano kupokea mpira uliotupwa mbele. Mmoja wao, yule wa katikati, ndiye ampaye kwotabeki mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake. Akisha kuutoa haumrudii. Mtu wa namna hiyo aweza kucheza miaka kumi asifunge hata mara moja, na watazamaji wasilijue jina lake ila siku anapokosea.

Wenye kutunza hesabu za mchezo huo huandika ushindi na kushindwa kwa jina la kwotabeki, kana kwamba alishindana peke yake. Je, ndivyo ilivyo haki?

Tumtazame Dan Marino wa Miami. Mwaka 1984 alitupa mipira ya kufunga 48, hesabu ambayo hakuna aliyepata kuifikia kabla yake. Alicheza misimu 17. Lakini fainali kuu, iitwayo Super Bowl, aliifikia mara moja tu, Januari 1985, akashindwa kwa pointi 38 kwa 16, wala hakuipata tena. Kwa upande mwingine, Januari 2001 Baltimore walitwaa ubingwa wakiongozwa na Trent Dilfer, ambaye hakuna amwekaye katika daraja moja na Marino. Walinzi wa Baltimore msimu ule waliruhusu pointi 165 tu katika michezo 16. Naye Dilfer, baada ya kushinda, hakubakishwa hata mwaka mmoja. Ikiwa ubingwa ndio kipimo cha mtu, basi Dilfer ni mkubwa kuliko Marino; wala hakuna ajuaye mchezo huo atakayekubali maneno hayo.

Tena yuko Patrick Mahomes wa Kansas City. Februari 2020 alishinda Super Bowl, watu wakamwita kijana asiyezuilika. Mwaka mmoja baadaye alirudi kwenye fainali ileile, lakini walinzi wake wawili wa pembeni, wa kulia na wa kushoto, walikuwa majeruhi. Usiku ule alikimbizwa huku na huku kama digidigi mbele ya mbwa, na kundi lake likashindwa 31 kwa 9 bila kufikisha mpira mwisho wa uwanja hata mara moja. Mkono wake ulikuwa uleule, na akili yake ileile. Kilichopungua ni sekunde moja au mbili za kusimama kwa amani, na sekunde hizo alikuwa akipewa na watu ambao majina yao hayakuimbwa.

Hapo msomaji mwepesi atasema: basi kwotabeki si kitu, wenzake ndio humbeba. Lakini kauli hiyo nayo haisimami. Mwaka 2010 kundi la Indianapolis lilishinda michezo 10 kati ya 16, likiongozwa na Peyton Manning. Mwaka 2011 Manning alikaa nje kwa maradhi ya shingo, na kundi hilo likashinda michezo miwili tu. Kumbe mtu mmoja aweza kuwa nguzo! Hata hivyo Manning yuleyule, alipotwaa ubingwa na Denver Februari 2016, mkono wake ulikwisha kudhoofika. Msimu ule wapinzani walidaka mipira yake 17, naye alitupa ya kufunga tisa tu. Safari hiyo walinzi wa Denver ndio walioibeba siku. Mtu mmoja, mara hii amebeba, mara hii amebebwa.

Na Tom Brady, mwenye ubingwa saba kuliko kwotabeki yeyote? Mwaka 2008 aliumia goti katika mchezo wa kwanza, na New England bila yeye walishinda michezo 11 kati ya 16. Watu wakasema: mnaona, ni kundi. Mwaka 2020 alihamia Tampa, kundi lililokuwa limeshinda michezo saba tu mwaka uliotangulia. Akalipa ubingwa, na New England aliowaacha wakaporomoka. Watu wakasema: mnaona, ni yeye. Ushahidi ni uleule, na kila upande huchukua kipande unachokipenda.

Sisi twaona kwamba wabishi hawa hawapatani kwa sababu wameliuliza swali vibaya. Wameifikiri sifa kama mkate: akikatiwa huyu kipande kikubwa, yule hana budi kubaki na kidogo. Lakini kazi ya pamoja haijumlishwi hivyo. Mama apikaye ugali ahitaji unga, maji, moto na mkono wa kusonga. Nani atakayetuambia kwamba robo ya ugali ule ni ya moto, na robo nyingine ni ya maji? Moto ukikosekana, hakuna robo tatu ya ugali. Hakuna ugali kabisa. Ndivyo ilivyo kwa watu watendao kazi moja. Kila mmoja aweza kusema kwa kweli, “Bila mimi isingaliwezekana,” na kila mmoja hana budi kuongeza, “Wala kwa mimi peke yangu isingaliwezekana.” Mwenye kusema neno la kwanza tu ana kiburi. Mwenye kusema la pili tu aweza kuwa mvivu anayejificha nyuma ya unyenyekevu.

Kuna kisa kimoja kinachotuhusu sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee. Tarehe 28 Desemba 1975, kundi la Dallas lilikuwa likishindwa ugenini huko Minnesota, na sekunde chache tu zilibaki. Roger Staubach, kwotabeki wao, ambaye ni Mkatoliki, aliutupa mpira mbali kwa nguvu zake zote. Mwenzake Drew Pearson akaudaka na kuubana nyonga, akafunga, Dallas wakashinda 17 kwa 14. Baadaye Staubach aliwaambia waandishi kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. Tangu siku hiyo Wamarekani, hata wasio Wakristo, huuita mtupo wa namna hiyo kwa jina la sala yetu.

Hatudai kwamba Mama Bikira Maria hupendelea Dallas. Hapana shaka Minnesota nako wapo waliokuwa wakisali. Lakini tazameni sala ile ilikuwa na maana gani. Mpira ulikwisha kumtoka mkononi. Hakuwa na la kuongeza. Mtu aliyezoea kutawala uwanja mzima alikiri, kwa muda wa pumzi moja, kwamba mwisho wa kazi yake uko mikononi mwa wengine. Na mtupo wenyewe haukuwa kamili: mpira ulipungukiwa kidogo, ikambidi Pearson arudi nyuma kuufuata. Kosa la mmoja lilizibwa na bidii ya mwenzake. Lakini sifa zilikwendaje? Staubach aliingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo mwaka 1985. Pearson alingoja mpaka 2021, miaka 36 baadaye.

Chuo Kikuu cha Notre Dame, cha Mapadre wa Msalaba Mtakatifu, kilipata kulijibu jambo hili kwa mzaha wenye hekima. Mwaka 1924 mwandishi mmoja wa magazeti aliwaita washambulia wanne wa chuo hicho, pamoja na kwotabeki Harry Stuhldreher, “Wapanda Farasi Wanne,” kwa kufuata Kitabu cha Ufunuo. Wakapigwa picha juu ya farasi, wakajulikana nchi nzima. Wale saba waliowafungulia njia wakaitwa “Nyumbu Saba,” yaani wale wanyama wa mizigo waliozaliwa na punda na farasi. Husimuliwa kwamba kundi lilipopiga kura ni nani wenye maana zaidi, wapanda farasi au nyumbu, nyumbu walishinda kwa kura saba kwa nne.

Mafundisho ya Kanisa yanatusaidia kulimaliza swali. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili una viungo vingi, na kwamba jicho haliwezi kuukataa mkono. Tena viungo vionekanavyo dhaifu ndivyo vyenye lazima zaidi. Mtaguso wa Trento nao, mwaka 1547, ulifundisha kwamba wema wa Mungu ni mkubwa hata ataka vipaji vyake mwenyewe vihesabiwe kuwa mastahili yetu. Hapo ndipo penye jibu. Kama hata mbele ya Mungu, ambaye twamtegemea kwa kila pumzi, mastahili yetu ni ya kweli, basi kuwategemea wanadamu wenzetu hakuwezi kuifuta stahili ya mtu. Kwotabeki amestahili kweli, na alichostahili amepewa pia. Bikira Maria mwenyewe hakukana kwamba vizazi vyote vitamwita mwenye heri. Alitaja tu ni nani aliyemtendea makuu.

Lakini ukweli huu hauishi katika kusifu. Una madai yake. Nchini mwetu mna watu wengi waliosoma, wenye ofisi na heshima, ambao walifika hapo kwa sababu dada yao aliacha shule ili karo itoshe mtoto mmoja, au mama aliuza vitumbua alfajiri, au mjomba aliuza ng’ombe ambaye hakumpata tena. Siku ya mahafali majina hayo hayasomwi. Basi mwenye cheti atafanya nini? Akisema, “Nilisoma kwa juhudi zangu,” amesema kweli nusu, na kweli nusu katika jambo hili ni dhuluma. Dada yule hahitaji kuambiwa “asante” mbele ya wageni tu. Ana watoto ambao nao wataka kusoma. Ana magoti yanayouma. Ana shauri lake katika kikao cha ukoo ambalo halisikilizwi, kwa kuwa hakusoma. Mwenye kula matunda ya mti hana budi kuumwagilia maji.

Tena kuna habari ya lawama. Wako viongozi, wa nyumba na wa kazi, ambao katika ushindi husema “mimi,” na katika kushindwa husema “wao.” Mpangilio wa haki ni kinyume chake: aliye mbele ya macho ya watu ndiye atangulie kubeba aibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kupokea heshima. Na kwa wale walio katika safu ya mbele, wasioonekana, twasema hivi: msidharau kazi yenu kwa kuwa haina makofi. Mwenye kufagia kanisa Jumamosi, katekista atembeaye maili nyingi, baba alindaye usiku ili wengine walale, hao wote wampa mtu mwingine zile sekunde mbili za kusimama kwa amani. Mungu huzihesabu.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto wenu akirudi na ushindi, mpongezeni kwa furaha, wala msimpunguzie. Kisha mwulizeni, “Nani alikusaidia?” Akitaja jina, mpelekeni akamshukuru mtu huyo siku hiyohiyo, wala asiende mikono mitupu.