Alfajiri ya Mpigapicha, Bagamoyo

Saa kumi na mbili kasoro, na ufukweni Bagamoyo mpigapicha wa mandhari ameshasimika kamera yake mchangani. Pwani hii inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini, upande wa Unguja, na mashua zinazorudi na samaki huonekana kwanza kama vivuli vyeusi. Mwanga huo haukai. Baadaye kidogo ni weupe mkali tu.

Na jua peke yake halitoshi. Siku za bamvua, maji yakipwa hurudi mbali na kuacha mchanga wenye michirizi ya mawimbi. Kusini kidogo, Kaole, mikoko imetanda karibu na magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe.

Kisha picha iende wapi? Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nchini mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za ukoloni, hakuijua intaneti. Leo kazi zake zinafunguka kwenye simu, baada ya Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani kuanza mwaka 2008 kuweka picha zake kwenye Wikimedia Commons.

Picha ikiweza kufika mbali hivyo, inauma kukuta kwenye tovuti picha nzuri ya mikoko imeandikwa “Afrika” basi. Iandikwe Kaole, tarehe, maji kupwa au kujaa. Nakala ndogo ipandishwe ili ifunguke hata kwa bando dogo. Ile kubwa ibaki kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.