Kulenga Bila Adui

Neno shabaha latumika katika lugha yetu kwa maana mbili zilizo jirani. Shabaha ni kile kibao kinachosimamishwa uwanjani ili kipigwe kwa mshale au kwa risasi; na shabaha ni kusudi, yaani jambo ambalo mtu ameazimia moyoni kulifikia. Mwanafunzi akiulizwa shabaha ya masomo yake, hakuna atakayedhani kwamba ameshika upinde. Maana hizi mbili zimekaa pamoja kwa muda mrefu, nasi huzifundisha bila wasiwasi. Hata hivyo yafaa kuulizana: mtu akishika bunduki halisi akalenga kibao cha karatasi, kusudi lililo moyoni mwake ni lipi? Je, yawezekana binadamu ajifunze kutumia silaha pasipo kujifunza uadui?

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi zilizo mbali kidogo na pwani yake, swali hili si la kupitishia wakati. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni, na watu wengi walikizoea katika kinywa cha mtu aliyeshika bunduki. Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, tangazo hilo halikuipunguzia lugha lawama, huenda liliiongezea. Ilipita miaka zaidi ya thelathini ndipo, mwaka 2005, katiba ya nchi hiyo ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Rwanda, Burundi na Kongo nazo zina makaburi yao. Mwezi Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, na mwaka 2004 zikalifuatisha kwa Itifaki. Ni dhahiri kwamba serikali hazikutani mara mbili juu ya jambo lisilowaumiza raia wao. Mwalimu wa eneo letu anajua kwamba kuandika neno bunduki ubaoni si somo la msamiati tu. Yumo darasani mtoto ambaye nyumbani kwao neno hilo halitajwi.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuchukua mfano wa mbali, ili tulitazame swali lenyewe pasipo kulemewa na majonzi yetu. Tumechagua Uswisi. Kila mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, hufanyika huko mashindano yaitwayo Feldschiessen, maana yake kulenga shabaha uwandani. Hufanyika vijijini na mijini nchi nzima, hayana kiingilio, na kwa miaka mingi washiriki wake wamezidi watu 100,000. Mwenye bunduki hulenga kibao kilicho umbali wa mita 300. Mwenye bastola, mita 50 au 25. Kwa bunduki, kila mshindani ana risasi 18, bila hata moja ya majaribio: sita za kwanza hupigwa moja moja, kisha tatu ndani ya dakika moja, kisha tatu nyingine vivyo hivyo, na mwisho sita ndani ya dakika moja. Pigo bora hupata alama nne, hivyo asiyekosa hata mara moja hupata 72. Fundi wa miaka arobaini na mgeni wa juma moja hulala chini mstari mmoja, wakalenga vibao vya namna moja.

Basi tumfuate huyo mgeni katika maandalizi yake. Aingiapo katika chama cha walenga shabaha hudhani kwamba atafundishwa kupiga. Kabla ya hayo hufundishwa kanuni nne, ambazo ndizo wafundishwazo askari wa nchi hiyo. Kwanza, kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, hata na yule aliyeitoa risasi kwa mkono wake mwenyewe sasa hivi. Pili, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu ambacho mwenye silaha hataki kukipiga. Tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka alama za kulengea ziwe zimeelekea shabaha. Nne, mlengaji awe na yakini na shabaha yake. Tukizipima kanuni hizi twaona kwamba hakuna hata moja inayomwamuru mtu apige. Zote zamzuia, na kila moja yamzuia mahali ambapo iliyotangulia yaweza kusahauliwa. Aliyekosea kuhusu risasi ataokolewa na mwelekeo wa mtutu. Aliyekosea kuhusu mtutu ataokolewa na kidole.

Baada ya kanuni huja mwili. Mgeni hufundishwa kuvuta pumzi, kuitoa, na katika kituo kifupi kabla ya pumzi nyingine kuingia, kubana kifyatulio polepole kuelekea nyuma. Hufundishwa kulikaza jicho kwenye alama iliyo mbele ya mtutu, hata kibao kilicho mbali kikaonekana kwa ukungu. Jambo hili humshangaza, kwani alidhani kwamba mwenye kulenga hutazama anachokilenga. Akijaribu bastola huona mkono wake unatetema, naye hungoja utulie kabisa. Ukionekana kutulia kwa nukta moja, hunyakua kifyatulio kwa haraka na risasi huenda chini. Mwalimu wake humwambia kwamba utulivu kamili hautakuja, na kwamba amri ya kidole lazima iwe ya upole ingawa mkono unatikisika. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Hapa mtu huiona methali hiyo kwa macho, imetobolewa katika karatasi.

Liko jambo jingine ambalo walimu wa lugha watalitambua mara moja. Katika mchezo huu mwanafunzi ambaye matundu yake matano yamekaa pamoja pembeni mwa kibao hupewa moyo kuliko yule ambaye tundu moja limeangukia katikati na manne yametawanyika. Wa kwanza ana kosa moja, nalo laweza kurekebishwa kwa kuzisogeza alama za kulengea. Wa pili ana bahati, na bahati haifundishiki. Ndivyo ilivyo darasani. Mwanafunzi asemaye kila siku "kitabu yangu, kiti yangu, kisu yangu" amekosea njia, lakini anayo njia. Tukimwonyesha ngeli mara moja hutengenea vyote. Anayebahatisha viambishi, leo akapatia kesho akakosa, ndiye atuchoshaye, hata kama leo amepata alama nzuri kuliko mwenzake.

Kwa hiyo twaweza kutoa hoja ya kwanza: maandalizi ya mlenga shabaha, yakifanywa sawasawa, ni mafunzo ya kuchelewesha tendo. Kati ya kutaka na kutenda huwekwa vizuizi vinne, pumzi moja na mbano wa polepole. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi vivyo hivyo. Basi mtu huzoezwa kukaa kitambo katika ile nafasi ya mwisho ambamo bado aweza kuacha. Mshindani mwema hujulikana pia kwa zile nyakati aliposhusha bunduki bila kupiga, kwa kuwa pumzi ilikuwa imekwisha au moyo umekwenda mbio. Katika maisha, mangapi yangalinusurika lau wenye hasira wangaliijua nafasi hiyo!

Lakini haifai kufurahia hoja hii upesi. Mpinzani atatuambia: pumzi hiyo tulivu na kidole hicho cha upole humfaa pia muuaji, tena humfaa zaidi. Na pingamizi lake lina ushahidi, tena katika nchi ile ile tuliyoichagua. Mwezi Septemba 2001 mtu mmoja aliingia na silaha katika bunge la jimbo la Zug nchini Uswisi akaua watu 14, kisha akajiua. Uwingi wa viwanja vya shabaha, na mapokeo marefu ya nidhamu, havikumzuia. Tukisema kwamba kulenga kwa ustadi humfanya mtu kuwa mwema, tutakuwa tumesema uongo.

Tunakubaliana na mpinzani kwamba ustadi si wema. Aristotle, alipoandika juu ya maadili, alimtumia mpiga upinde kama mfano: anayekijua kilicho chema, alisema, ni kama mwenye upinde aliye na alama ya kulenga, naye yuko karibu zaidi kupata. Yatupasa kuangalia mpango wa maneno yake. Alama hutangulia, upinde hufuata. Ustadi hauwezi kumchagulia mtu shabaha. Mfano ulio wazi kuliko wote ulionekana katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Mmarekani Matthew Emmons alikuwa akiongoza katika fainali ya bunduki ya mita 50, na ilibaki risasi moja. Alilenga, akapiga, lakini risasi ilikwenda katika kibao cha mshindani aliye jirani yake. Pigo hilo likahesabiwa sifuri, naye akashuka mpaka nafasi ya nane. Mkono wake haukuwa na kosa. Aliyeufunza mkono hakuwa na kosa. Kilichokosekana ni kanuni ya nne, ile ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Uwanjani hasara yake ilikuwa medali. Penginepo ingekuwa roho ya mtu.

Ikiwa ustadi hautoshi, basi ni nini kinachoutenga mchezo huu na vita? Sisi twaona mambo matatu, na yote matatu yako nje ya mkono wa mlengaji.

La kwanza ni sura ya shabaha. Katika mapokeo ya Kiislamu kujifunza kutupa mishale kumesifiwa, na papo hapo imekatazwa kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea. Busara iliyomo ni kubwa: anayezoea kupiga kilicho hai kwa mchezo amekwisha kuondolewa kizuizi kimoja moyoni. Katika mashindano ya Paris mwaka 1900 walipigwa njiwa wazima. Siku hizi huvunjwa visahani vya udongo. Na katika mchezo wa bastola ya kasi wa Olimpiki, kibao ambacho kwa muda mrefu kilikuwa na umbo la mtu kilibadilishwa kikawa na duara. Mabadiliko haya hayakuongeza wala kupunguza ugumu wa kulenga kwa maana yoyote ya kimaadili. Yalibadilisha kile ambacho jicho huzoezwa kukitamani.

La pili ni sauti ya kusimamisha. Katika uwanja wenye utaratibu mzuri, yeyote aonaye hatari aweza kupaza sauti kwamba kufyatua kukome, awe bingwa au mgeni wa siku ya kwanza, na wote huweka silaha chini kabla ya kuuliza sababu. Hapo bunduki iko chini ya neno. Mahali ambapo mwenye bunduki hasikii neno la asiye nayo, hakuna mchezo tena, hata kama vibao vimesimamishwa na alama zinahesabiwa.

La tatu ni mahali ambapo silaha hulala mchezo ukiisha. Waswisi wenyewe wamebishana juu ya hili. Mwaka 2007 bunge lao liliamua kwamba askari wa mgambo, isipokuwa wachache, wasikae tena na risasi za jeshi nyumbani. Februari 2011 wananchi walipiga kura juu ya pendekezo kwamba silaha za jeshi zihifadhiwe katika maghala. Wengi walilikataa, lakini zaidi ya asilimia 40 walilikubali. Nchi yenye mapokeo hayo yote bado haijalimaliza swali. Hilo si aibu kwake. Twaona aibu ingekuwa kuacha kuuliza.

Tukirudi kwetu, jibu letu ni hili. Ndiyo, binadamu aweza kujifunza silaha bila kujifunza uadui, lakini hawezi kwa nguvu za moyo wake peke yake. Huhitaji shabaha isiyo na uso, jamii ambayo neno lake hutiiwa na mwenye silaha, na kufuli ambayo ufunguo wake unajulikana uko kwa nani. Palipo na hayo matatu, mgeni na ajiandae kwa mashindano yake, wala asionewe haya. Palipokosekana hata moja, asidhani kwamba utulivu wake mwenyewe utaziba pengo. Katika sehemu kadhaa za eneo letu yamekosekana yote matatu, nasi hatuwezi kumwambia mama aliyezika mwana kwamba mtutu ni chombo cha mchezo. Ana haki ya kutoamini, na haki hiyo idumu mpaka sheria iwe na nguvu kuliko bunduki kijijini kwake.

Huenda mtu akasema kwamba Kiswahili nacho kilitoka kinywani mwa wenye bunduki, na leo twakifundisha watoto kwa furaha. Kwa nini silaha yenyewe isitakaswe hivyo hivyo? Hapa lazima tutofautishe. Lugha haikuundwa ili iue. Ilitekwa, ikakombolewa, na kila shairi na kila barua inayoandikwa kwayo huongeza ukombozi huo. Bunduki iliundwa kwa kusudi lake, na mchezo huliazima kwa saa chache tu kwa masharti. Masharti yakilegea, chombo hurudi kwa kusudi lake la kwanza.

Wenzetu wengi hawataingia kamwe katika uwanja wa shabaha, na si lazima waingie. Lakini kila siku twashika chombo kingine kilicho chepesi kutoka na kizito kurudi, nacho ni ulimi wa mwalimu mbele ya mtoto aliyekosea. Kanuni nne za mgeni zinafaa hapo pia, hasa ya nne: kabla ya kutamka, tuwe na yakini tunachokilenga ni kosa lenyewe au ni mtoto.