Nafasi ya Gari la Pili

Miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu iliyapokea kutoka Kiarabu, ikayalea hata yakasahau kwao, limo neno nafasi; nasi tumelipa kazi nyingi, kwani kwetu ni mahali patupu pa kuwekea kitu, ni wakati usio na shughuli, na ni fursa inayomjia mtu pengine mara moja tu katika umri wake. Shina lake ni lile lile lililozaa neno nafsi, na kwa asili shina hilo lina habari ya pumzi. Basi mtu asemapo kwamba hana nafasi, msikilizaji hawezi kujua mara moja kama kilichojaa ni nyumba, au ni siku, au ni moyo. Na aghalabu msemaji mwenyewe hajui. Mimi nilikuwa katika kundi la wasiojua, hata nikaja kusomeshwa na banda la gari lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 5 na nusu.

Banda hilo limeegemea ukuta wa nyumba yetu hapa Mombasa, upande unaopokea upepo wa bahari, na ndani yake imekaa Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba yangu. Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa habari za gari hilo ambalo makanika wetu huliita Pijo, ila kwa ajili ya vijana nitasema kwamba lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na mafundi wa Pininfarina wa Italia, na injini yake ikiwa imelazwa ubavu kama mtu apumzikaye baada ya chakula cha mchana. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki lilipata ushindi mwaka 1963, kisha likashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho katika hiyo minne, Nick Nowicki na Paddy Cliff walipolifikisha mbele ya wote, magari yaliyomaliza safari yalikuwa 7 tu, mengine yote yakiwa yameachwa njiani, katika matope na mawe na mito iliyofurika. Baba yangu hakushindana na mtu. Alilitumia kupeleka watoto chuoni, wagonjwa hospitalini, na mabibi harusi kwa waume zao. Na pete ya honi katika usukani, pale alipozoea kuweka kidole gumba chake cha kulia, imeng'arika kwa kusuguliwa hata leo.

Mwaka juzi mkaza mjomba wangu, aliyekuwa amemaliza eda miezi michache nyuma, aliniita nyumbani kwake akanionyesha Volkswagen ya marehemu mumewe, ile yenye mgongo wa kobe, ndugu wa ile ambayo Tommy Fjastad alishindia Safari ya mwaka 1962. "Mwanangu," akaniambia, "nikiiuza hii itachinjwa iwe spea. Wewe ndiwe ujuaye thamani ya vitu hivi. Itafutie nafasi." Nami, kwa mapenzi ya mjomba, na kwa ghururi kidogo ya kuitwa mjuzi, nilijibu kwamba nafasi ipo kabla sijajua kama ipo.

Jioni ile ile nilichukua kamba ya kupimia. Upana wa Peugeot ni yapata mita 1.6, na wa Volkswagen ni yapata mita 1.5, na jumla ya hizo mbili, kama ajuavyo mtoto wa darasa la nne, ni kubwa kuliko mita 3 hata kama milango haitafunguliwa na mwenye magari hatahitaji kupita. Kwa urefu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani gari moja lataka mita 4.4 na la pili mita 4.1, na banda lina mita 5 na nusu. Nilifikiri habari ya ile mitambo ya nguzo nne ambayo wapenzi wa magari ya kale huko Ulaya na Marekani huitumia kuliinua gari moja juu ya jingine, lakini paa langu liko mita 2 na robo kutoka sakafuni. Nilifikiri kupanua banda kuelekea uani, ambako umesimama mndimu alioupanda mama yangu; na nakiri mbele ya wasomaji kwamba kwa muda wa siku tatu nzima mndimu ule, uliotuchachushia samaki na kututibu mafua kwa miaka zaidi ya thelathini, nilikuwa nikiutazama kama mtu atazamavyo adui aliyejenga katika kiwanja chake.

Imo katika Injili ya Luka habari ya tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, naye alipoona hana mahali pa kuweka mavuno aliazimia kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakwa. Wahubiri huisoma habari hiyo kuwa onyo juu ya mauti, nao wana haki. Lakini mimi, nikiwa na kamba ya kupimia mkononi, nilichokiona ndani yake ni kwamba mtu yule aliulizana na nafsi yake tu. Hakumwuliza jirani, wala maskini, wala yale mavuno yenyewe kama yatakaa bila kuoza. Alidhani kwamba shida ya nafasi ni shida ya kuta.

Aliyenizuia nisibomoe ukuta wala kukata mndimu ni fundi wangu, kijana wa miaka arubaini ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari letu enzi za baba yangu. Nilimwita aje anishauri namna ya kuyapanga magari mawili. Yeye akaliendea kwanza lile moja. Lilikuwa limefunikwa turubai la plastiki, limefungwa kwa kamba pande zote nne, na juu ya turubai palikuwa na masanduku ya vitabu, cherehani isiyo na mkanda, susu ya mtoto aliyekwisha kuoa, na makopo ya rangi yaliyokauka.

"Maalim, turubai hili kakuuzia nani?"

"Nililichagua mwenyewe," nikajibu kwa fahari, "kwa kuwa halipitishi maji."

"Kweli halipitishi. Ya nje hayaingii, na ya ndani hayatoki."

Akapiga magoti, akalifunua upande mmoja, akapitisha kidole chini ya ukingo wa mlango mahali ambapo rangi ilikuwa imetuna kama lengelenge la mtu aliyeungua. Akabonyeza, chuma kikavunjika kwa sauti ndogo kama ganda la yai, na unga mwekundu ukamwagika juu ya sakafu. Unyevu wa bahari, ulioingia zamani na kukosa pa kutokea, ulikuwa ukila bodi kwa kiasi cha miaka sita. Panya walikuwa wametafuna nyaya za taa. Mafuta ya breki, ambayo tabia yake ni kunywa maji yaliyomo hewani, yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Kabla ya kujaribu kuiwasha injini aliifungua milango yote ya banda mpaka mwisho, akanikumbusha kwamba katika moshi wa gari mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa humwua mtu hali akidhani anasinzia. Kisha akainuka, akajifuta mikono, akasema kwa upole ambao uliniumiza kuliko lau angalinikemea, "Gari hili hukuliweka, Maalim. Umelizika."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyazingatia maneno hayo mawili, kuweka na kuzika, ambayo kwa macho yafanana, kwani katika yote mawili kitu hutiwa mahali, hufunikwa, na huachwa. Tofauti yake nadhani ni hii, kwamba kilichozikwa hakina tena haki juu ya aliyekizika ila dua na kumbukumbu, bali kilichowekwa kina haki kila siku. Wanavyuoni wa fikihi wameeleza kwamba mwenye mnyama akishindwa kumlisha hulazimishwa ama amlishe ama amuuze, wala haachwi amfunge tu na kujiita mmiliki. Najua kwamba chuma hakina njaa wala maumivu, na sitaki kumlinganisha punda na Peugeot. Lakini dini hiyo hiyo inayomhurumia mnyama imekataza kupoteza mali bure, na mali haipotei kwa kutupwa baharini tu. Hupotea pia kwa kuhifadhiwa na mtu ambaye hana mkono wa kuitunza. Katika kila kitu kilichotengenezwa vizuri mna kazi ya watu waliochora, waliosubu, waliopiga nyundo na waliokaza nati, na mna nafasi ya mtu mwingine ambaye angalikitumia. Na mwenye kukifungia hudhulumu pande zote mbili kwa jina la mapenzi.

Huenda msomaji akauliza, ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini nisiuze yote, nikasalimika na kutu na lawama pamoja? Hapa ndipo suala la zuhudi linapoingia, na kwa suala hilo hatuna budi kumkumbuka Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095, akiwa mwalimu mwenye jaha kubwa katika madrasa ya Nidhamia mjini Baghdadi, aliacha cheo chake, akagawa mali yake, akashika njia ya ucha Mungu. Wengi wanaomsifu kwa kugawa husahau kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, alibakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Mtu huyo aliyeikimbia dunia hakuwakimbia waliokuwa na haki juu yake. Na kwa mizani hiyo naona kwamba zuhudi haihesabu vitu vilivyomo bandani, bali humwuliza mwenye banda, katika kila kimoja, kama aweza kukitimizia haki yake. Asiye na kitu naye aweza kuwa mtumwa wa asichonacho, na mwenye kitu kimoja anachokitimizia haki aweza kulala usingizi wa hurri.

Wahenga walituachia methali mbili zinazotazamana kama wake wenza, ya kwanza ikisema cha kale dhahabu, na ya pili ikisema ya kale hayapo. Nilipokuwa kijana niliziona zapingana. Sasa naona kwamba kila moja yahitaji nyenzake. Cha kale ni dhahabu kwa sababu ya kale hayapo, yaani kidole cha baba yangu hakipo, na ile pete ya honi iliyong'arika ndiyo yote niliyobakiwa nayo katika mguso wake. Fundi amekwisha kubadili ukingo wa mlango, nyaya, mipira ya breki na rediesheta, naye akiendelea hivyo itafika siku ambapo sehemu zilizotoka Ufaransa zitakuwa chache kuliko zilizochongwa Mombasa. Lakini mabaharia wetu wamebadili mbao za majahazi yao moja baada ya moja tangu zama na zama, wala hatukusikia nahodha aliyesema kwamba jahazi la babu yake limekwisha. Kinachoendelea ni utunzaji wenyewe. Siku utunzaji ukikoma, jahazi limekufa hata kama kila ubao ni wa asili.

Basi hivi ndivyo nilivyofanya. Niliyatoa masanduku, nikagawa vitabu vilivyosomeka, susu nikaipeleka kwa aliyekuwa na mtoto wa kuilaza, na makopo nikayatupa. Turubai nikalibadili kwa kitambaa cha pamba kinachozuia vumbi na kuruhusu hewa. Juu ya ukuta wa nyuma fundi wa mawe alitoboa matundu mawili yaliyotiwa wavu wa kuzuia panya, ili upepo uingiao mlangoni upate pa kutokea. Na gari likasogezwa upande mmoja, likaacha upande wa pili njia ya mita nzima na zaidi, ambayo kila mgeni aionapo huniuliza mbona sijaweka kitu pale. Pale ndipo mahali pa kufungulia mlango, pa kupiga magoti na kutazama chini, pa kupita mtoto bila kujikwaruza. Pasipokuwapo pale patupu, gari haliwezi kutunzwa, na lisipotunzwa halipo.

Kuhusu Volkswagen, nilirudi kwa mkaza mjomba kwa aibu, nikamweleza kwamba nilijibu kabla ya kupima, na kwamba yuko kijana huko Voi, aliyefunzwa kazi na fundi wangu, mwenye banda wazi katika hewa kavu isiyo na chumvi, ambaye yuko tayari kuitengeneza na kuitumia kila siku. Nilitazamia kulaumiwa. Alinyamaza kidogo, akitazama ile gari kupitia dirishani, kisha akasema, "Mjombako hakupenda isimame. Mpe."

Mndimu bado uko. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, nalitoa Peugeot bandani, naendesha hadi Nyali na kurudi, ili mafuta yazunguke, betri ijae na breki zikumbuke kazi yake. Nirudipo siliingizi mara moja. Naliacha nje likipoa kivulini mwa mndimu, nafagia sakafu, kisha nasimama mlangoni kwa muda nikilitazama banda lilivyo tupu.