Garasa na Turufu

Dirisha la usajili likifunguliwa Tanzania, neno moja huanza kutembea vijiweni na redioni: garasa. Mchezaji aliyetambulishwa kwa shangwe, akavishwa jezi mbele ya kamera, kisha akamaliza mechi tano bila bao, huitwa garasa. Klabu iliyokosea huambiwa imejaza magarasa. Mwisho wa msimu mchezaji hupewa mkono wa kwaheri, na wiki chache baadaye unasikia amesaini kwingine. Waandishi wakimuuliza, hujibu karibu kila mara kwa maneno yaleyale: nimekuja kuanza upya.

Watu huyapita maneno hayo kama salamu. Mimi naona yamebeba swali zito. Mtu mzima mwenye miguu ileile, goti lilelile lililowahi kupasuliwa, na rekodi ambayo kila mwenye simu anaweza kuisoma, anaanzaje upya? Kuna kipya gani zaidi ya rangi ya jezi? Na kama mwanzo mpya upo kweli, anayeutoa ni nani: yeye mwenyewe, kocha wake, au sisi tunaomtazama?

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limetoka kwenye karata. Wanaocheza wahedusitini barazani wanajua kwamba pointi zote ni 120, na mwenye kufikisha 61 ameshinda. Ndiyo asili ya jina la mchezo. Ree ndiyo karata nzito kuliko zote. Mkiani ziko karata zisizo na pointi hata moja, na hizo ndizo magarasa. Nimekaa mara nyingi pembeni ya mkeka nikitazama. Mtu akigawiwa magarasa matupu, uso wake husema kabla ya mdomo. Lakini kila mchezo una turufu yake. Turufu ikiwa kopa, kijikarata cha kopa kisicho na thamani yoyote kinaweza kuila ree ya shupaza. Nimemwona mzee mmoja akikipiga kijikarata cha namna hiyo mkekani kwa kishindo, kofia ikamsogea kichwani, akazoa pointi za wenzake huku wamekodoa macho. Mchezo ulipoisha karata zikachanganywa, turufu ikawa uru, na kijikarata kile kikarudi kuwa garasa. Kati ya mchezo wa kwanza na wa pili, wino wake haukubadilika hata chembe.

Mashabiki wetu waliazima neno moja kutoka mkekani wakaliacha la pili. Tumechukua garasa, tumesahau turufu. Ndiyo maana tunamhukumu mchezaji kana kwamba thamani yake imechapwa usoni, wakati wacheza karata wamejua siku zote kwamba thamani ni uhusiano kati ya karata na mchezo ilimo.

Mtazame Mohamed Salah. Januari 2014 Chelsea walimchukua kutoka Basel ya Uswisi. Katika ligi ya Uingereza aliwachezea mechi 13 na kufunga mabao 2, muda mwingine akisugua benchi. Februari 2015 akapelekwa Fiorentina kwa mkopo, kisha akaenda Roma. Wengi walikwisha kuandika habari yake: kijana wa Misri aliyeshindwa kuimudu ligi ngumu. Mwaka 2017 akarudi katika ligi ileile, safari hii Liverpool, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 32 ya ligi, rekodi ya wakati huo kwa msimu wa mechi 38. Wahenga wana maneno yao kwa hali hii: mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Guu lile la kushoto, mbio zile, kule kuingia ndani kutokea winga ya kulia, vyote alikuwa navyo alipokuwa benchi London. Kule Liverpool alikuta timu iliyokuwa ikikimbilia nafasi wazi, na kocha, Jürgen Klopp, aliyeitengenezea kasi yake njia ya kupita. Turufu ikawa kopa.

Hapa kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Kama thamani ya mtu hutegemea mchezo alimowekwa, basi mtu mwenyewe yuko wapi? Je, mchezaji ni mchele tu, anasubiri mpishi? Kila anayeshindwa si atasema kosa ni la chungu?

Pingamizi hili lina nguvu, na linaonyesha mfano wa karata unapofika mwisho. Karata haijui kama imedharauliwa. Haifanyi mazoezi alfajiri. Binadamu ni karata inayojifunza. Salah aliyeshuka Liverpool hakuwa yuleyule wa Chelsea kwa asilimia mia. Alikwisha kucheza Italia, mahali ambapo mshambuliaji hufundishwa subira na mabeki wasiompa upenyo. Mahali papya humpa mtu nafasi ya kuonekana, lakini anayeonekana ni yule aliyejijenga wakati haonekani. Mtu asipobadilika hata kidogo, mabadiliko ya mahali yatamsaidia kwa bahati tu, na bahati hiyo itaondoka karata zikichanganywa tena.

Wengine hufikiri mwanzo mpya maana yake ni kufuta yaliyopita. Nao wamtazame Salah huyohuyo siku alipoingia Fiorentina. Alikuwa ameshindwa, ametolewa kwa mkopo, yuko kwa watu wasiomjua. Kama kuna mahali pa kuomba kusahau, ni pale. Yeye akachagua jezi namba 74. Idadi hiyo ilikuwa ya watu waliouawa uwanjani Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012, baada ya mechi ya Al-Masry na Al Ahly. Ligi ya Misri ikasimamishwa baada ya msiba ule, na katika miezi ya ukimya uliofuata ndipo njia yake ya kwenda Basel ilipofunguka. Kwa hiyo mwanzo wake wa kwanza Ulaya ulitoka kwenye msiba, na mwanzo wake wa Italia aliuanza akiwa amewabeba marehemu mgongoni, kwa tarakimu mbili ambazo uwanja mzima uliziona.

Mimi naona hili ni fundisho kubwa kuliko mabao yake. Anayeanza upya kwa kusahau hana cha kuanzia. Mkulima anayehamia shamba jipya huchukua mbegu kutoka shamba la zamani. Akiziacha, atakuwa na ardhi na njaa. Cha kuacha ni hukumu: lile neno ambalo wengine walimbandika na yeye mwenyewe akaanza kuliamini. Kumbukumbu ni mali yake. Hukumu ni ya watu.

Lakini ili mtu aanze upya, sharti awe na ruhusa ya kuondoka. Lugha yetu ya soka husema klabu imemuuza mchezaji, imemnunua, imemkopesha. Katika pwani hii, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, neno la kumuuza mtu haliwezi kuwa jepesi. Kisheria, kinacholipiwa ada ya uhamisho ni klabu kukubali mkataba uvunjwe kabla ya siku yake, na bila sahihi ya mchezaji hakuna uhamisho. Katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani mambo ni tofauti: klabu hubadilishana wachezaji, mkataba ukahama pamoja na mtu, na wenye haki ya kukataa ni wachache sana. Kati ya anayehamishwa na anayehama kuna tofauti ya sahihi moja, na ndani ya sahihi hiyo ndimo ulimo utu wake.

Kuna mtu aliyelipa ili tofauti hiyo iwepo. Mkataba wa Mbelgiji Jean-Marc Bosman na RFC Liège ulimalizika mwaka 1990. Alitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Klabu yake ikadai ada ingawa mkataba ulikwisha, uhamisho ukakwama, na mshahara aliotakiwa kubaki nao ukashushwa hadi robo. Akaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuhama bila klabu yake ya zamani kulipwa. Maelfu ya wachezaji wamepita katika mlango huo. Bosman mwenyewe hakupita. Miaka mitano ya kesi ilikuwa imeshakula umri wake wa kucheza. Kila anayesema leo nimekuja kuanza upya anasimama juu ya mwanzo ambao mtu mwingine aliukosa.

Sasa nirudi nyumbani, kwa Mbwana Samatta, kwa sababu yeye anatufundisha kwamba mwanzo mpya hauji mara moja tu katika maisha, wala si kila mmoja huchanua. Kutoka Simba alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi hiyo msimu wa 2018/19. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Tarehe 1 Machi 2020, Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, krosi ilipigwa, yeye akajirusha mbele na kuuzamisha wavuni kwa kichwa. Villa walifungwa 2-1, lakini usiku ule nchi nzima ilipiga kelele.

Baada ya hapo ligi ilisimama kwa sababu ya UVIKO-19. Iliporudi, timu ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja. Hesabu yake ya ligi pale Villa ni mechi 14 na bao 1, na Septemba ya mwaka huohuo alikuwa ameshaondoka kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Wapo waliosema garasa. Yeye akaendelea: Antwerp, kisha Genk tena mwaka 2022, kwenye mlango aliokuwa ameutokea, kisha PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 akawa bingwa wa nchi hiyo. Ukiisoma safari hii kwa msimu mmoja utamkuta mtu aliyeshindwa. Ukiisoma yote, utamkuta mtu aliyekataa msimu mmoja uwe jina lake.

Methali yetu inasema nyota njema huonekana asubuhi. Naiheshimu, lakini naogopa tunavyoitumia. Nyota ya asubuhi humfaa aliyeamka mapema kukiwa hakuna mawingu. Zipo asubuhi za mawingu, na zipo nyota zinazotoka upande ambao sisi tumeupa kisogo. Tukiifanya methali hiyo kuwa sheria, tutawafungia mlango watu wote waliochelewa kung'aa, nao ni wengi.

Hapo ndipo ninapolijibu swali la mwanzo. Mwanzo mpya hauwezi kutolewa na mtu mmoja. Mchezaji huleta mbegu, sahihi yake na jasho lake. Wenyeji huleta macho. Julai 2024, Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alitoka Simba akaenda kwa mahasimu wao, Yanga. Kutoka Msimbazi kwa Simba hadi Jangwani kwa Yanga ni mwendo wa miguu, jua lilelile, vumbi lilelile la Kariakoo. Hata hivyo alihama mbali kuliko mwenye kupanda ndege, kwa sababu macho yaliyomtazama yalibadilika yote kwa siku moja: waliomwimba wakanuna, waliomzomea wakaanza kumwimba. Umbali wa mwanzo mpya hupimwa kwa macho ya watu.

Na sheria ya macho hayo tunayo tangu zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ina haki pande zote mbili. Siku mbili za kwanza ni deni la mwenyeji: asimdai mgeni, asimhukumu kwa habari za alikotoka, amwangalie kama mtu. Siku ya tatu ni deni la mgeni: alime, na asitaje tena ugumu wa safari. Kosa letu mashabiki ni kumpa mgeni jembe akiwa bado na begi mkononi, kisha kumwita mvivu. Kosa la baadhi ya wachezaji ni kutaka ugeni wa misimu mitatu.

Basi dirisha lijalo, jina geni litakapotangazwa, mpe mwenye jina hilo siku zake mbili kabla hujatamka lile neno la mkekani. Ya tatu mdai jembe, bila chuki. Fanya hivyohivyo kwa mfanyakazi aliyehamishiwa ofisini kwako, kwa mwanafunzi aliyeletwa katikati ya muhula, kwa ndugu aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Na kama mgeni ni wewe, njoo na mbegu zako zote, hata zile zenye uchungu, na siku ya tatu ulishike jembe kabla hujaambiwa.